Macho Mawili ya Kulia

Baba mukubwa alivuka ziwa kwenda Kigoma kununua jenereta, akarudi na gari.

Ni kaka mkubwa wa baba yangu, mwenye boti mbili za mizigo hapa Baraka, na si mtu wa kubahatisha mambo. Akimtuma mtu sokoni kununua kitunguu, humwandikia "kitunguu" kwenye karatasi. Kwa hiyo asubuhi ile tulipoona boti yake kubwa inakuja polepole, imeinamia upande mmoja, na katikati yake kitu kimefunikwa turubai, wote tuliokuwa ufukweni tulikubaliana kwamba jenereta lilikuwa la nguvu sana. Turubai liliposhushwa tukakuta gari jekundu la milango miwili, limelala chini kama mtu anayetafuta kiatu mvunguni mwa kitanda. Paa lake halikunifika kifuani.

"Ni ya Wataliano," baba mukubwa alisema akiwa bado ndani ya boti. "Ni ya mashindano."

"Na jenereta?" nikamwuliza.

"Nilikuta baliisha kuiuzisha."

Baadaye alinieleza vizuri zaidi. Kulikuwa na Mtaliano mmoja aliyezeekea Kigoma, akafia huko, na watoto wake wakaja kuuza vitu vyake uani. Baba mukubwa alifika saa moja baada ya jenereta kuondoka. Kilichobaki kilikuwa viti vya plastiki, mashine ya kusaga kahawa, na gari hilo lenye umri mkubwa kuliko mimi. "Nililizunguka mara tatu," aliniambia. "Mara ya tatu nikasikia haya kuliacha."

Kutoka bandarini hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Gari lilitumia siku nzima. Tumbo lake lilikuwa karibu sana na ardhi, kiasi kwamba kila jiwe lilikuwa mlima. Tulilitandikia mbao mbili, likasogea hadi mwisho wa mbao, tukazitoa nyuma na kuziweka mbele, likasogea tena. Injini ilikuwa nzima. Ilinguruma kwa sauti ya kutisha mbuzi, na kwa sauti hiyo yote ilikwenda hatua sita, ikasimama kungoja mbao.

Sasa niseme juu ya taa, maana ndizo zilizoniingiza mimi katika mambo haya. Taa za mbele za gari lile hazikuwa juu juu kama za magari mengine. Zilikaa ndani, mwisho wa mashimo mawili marefu kama mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi vidole. Zamani mashimo hayo yalifunikwa na vifuniko vyeupe vya kuonyesha ndani, vilivyopindwa vikafuata umbo la gari ili upepo uteleze. Vifuniko vilikuwa vimevunjika sijui mwaka gani. Yalibaki mashimo tu, na vitundu vidogo vya skrubu vikiyazunguka.

Kuku waliyagundua wiki ile ile. Kuku mmoja wa rangi ya udongo alichagua shimo la kushoto. Siku mbili baadaye mwenzake akachukua la kulia. Baba mukubwa hakuona ubaya. Kila asubuhi alipitisha mkono kwenye taa na kutoa mayai, na wageni walipofika aliwaambia kwamba gari hata likisimama linafanya kazi.

Shida ilianza na mtoto wake wa mwisho. Ni muuguzi, msichana wa maneno machache, na alikuwa anakaribia kuolewa na mwalimu wa Mboko. Karamu ingefanyika katika ukumbi ulio kama hatua mia nne kutoka nyumbani kwao. Baba mukubwa alitangaza kwamba bibi harusi atakwenda ukumbini kwa gari la mashindano. Msichana akaja, akaliangalia gari kwa mbele, mikono nyuma, jinsi anavyoangalia kidonda.

"Papa, mi siwezi ingia mu nyumba ya kuku."

"Kuku haziko ndani," baba yake akasema. "Ziko mu macho."

"Basi uzibe macho. Ukiziba, naingia. Kama hauzibi, natembea na miguu."

Mimi kazi yangu ni vioo. Natia madirisha, naunda makabati ya vioo ya maduka, natengeneza fremu za picha za ndoa na za marehemu. Karakana yangu iko kando ya barabara, karibu na soko. Siku iliyofuata baba mukubwa aliingia, akaweka mayai mawili juu ya meza yangu, kati ya vipande vya kioo.

"Hii imetoka mu taa," alisema. "Weye ndiye fundi wa vitre. Niko na wiki tatu."

Nikamweleza kwamba kioo hakipindi. Akaniambia Wataliano walikipinda. Nikamwambia Wataliano walitumia plastiki ya namna yake. Akasema plastiki iko Baraka nzima, hata ziwani iko. Akaniachia mayai.

Nilianza na kilichokuwa karibu. Nilipasua dumu la mafuta la manjano, nikalikata kwa kipimo cha shimo, nikalifunga kwa waya. Bibi harusi alipita, akaangalia, akasema: "Hii iko na ugonjwa ya manjano. Muipeleke hospitali." Nikatoa. Nikapata kwa vijana wa pikipiki vioo vya uso vya helmeti zilizopasuka, vile vya plastiki iliyopinda tayari. Nilivigandisha viwili viwili, nikaviweka. Gari likafanana na pikipiki mbili zilizogongana zikapenda kubaki hivyo. Nikatoa tena. Wiki moja ikawa imekwisha.

Jibu nililipata nikiwa kwenye foleni. Nilikwenda kwenye biro moja ya serikali, sina haja ya kusema ni ipi, kuandikisha mtoto wangu wa tatu. Karani alikuwa amekaa nyuma ya ukuta mwembamba unaoonyesha upande wa pili, uliowekwa wakati wa Korona na haukuondolewa tena. Katikati ulikuwa na tundu la duara, kama mdomo wa kikombe, la kusemea. Chini ulikuwa na mwanya wa kupitishia karatasi. Zamu yangu ilipofika nikagonga ukuta ule kwa ukucha. Ulilia sauti butu, si ya kioo, bali ya ile plastiki ngumu tunayoiita pleksi.

"Jina ya mutoto?" karani akauliza.

"Hii ni pleksi?" nikasema.

"Nauliza jina ya mutoto."

"Iko na milimeta ngapi?"

Karani aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi hadi mikono inasimama peke yake. "Mutoto iko na milimeta?" akauliza, na watu nyuma yangu wakacheka, nikatoa jina la mtoto.

Nilirudi saa sita alipokuwa anafunga. Nikamweleza kila kitu: gari, kuku, harusi. Alinisikiliza kwa makini kutoka upande wa pili wa pleksi, ingawa tulikuwa wawili tu na mlango ulikuwa wazi. Akaniambia kwamba hawezi kukaa bila ukuta. Tangu ulipowekwa, watu wanasema polepole, wanapanga maneno yao kabla ya kuinama kwenye tundu. Zamani walikuwa wanampigia kelele wote pamoja. Mtu akiwa na tundu moja tu la kusemea, anachagua neno.

Nikamwahidi kioo cha kweli, kinene, chenye fremu ya mbao iliyopakwa vanishi, na tundu la duara katikati. Macho yake yakabadilika. "Vanishi ya nyekundu-nyekundu?" akauliza. Nikasema hiyo hiyo.

Kutoboa tundu la ukubwa ule kwenye kioo si mchezo. Nilivunja vioo viwili kabla ya cha tatu kukubali. Nilipokipeleka, karani alikisifu, kisha akasema mali ya biro haiwezi kutoka bila karatasi. Akafungua kabati. Fomu alizokuwa nazo zilikuwa za aina mbili: za kuzaliwa, na za kuhama makazi. Alifikiri kidogo, akachukua ya kuhama.

"Jina," alisema, akaandika Pleksi. "Makazi ya zamani: biro. Makazi mupya?"

"Kwa baba mukubwa wangu."

"Sababu ya kuhama?"

"Kazi."

"Ameolewa?"

Nilidhani ananitania, nikamtazama. Hakuwa anatania. Nafasi ilikuwepo kwenye fomu na ilitakiwa kujazwa. "Andika hapana," nikasema. Akaandika, akapiga muhuri, akanipa nakala. Ninayo hadi leo.

Pleksi hupindwa ikiwa moto. Nilihitaji vitu viwili: umbo la kuilazia, na tanuru. Umbo nilichongewa ufukweni na fundi wa mitumbwi. Nilimpelekea mfano wa mfuko wa saruji niliokuwa nimeukandamiza juu ya shimo la taa la kulia hadi ukashika mkunjo wake. Aliugeuza ule mfuko huku na huku, akauliza ni pua ya boti gani. Nikamwambia ni jicho la gari. Hakuuliza tena. Alichonga vizuri sana, mti laini kama sabuni.

Tanuru ndilo lililokuwa tatizo, kwa sababu tanuru zuri la karibu ni la mama mkwe wangu.

Mama wa mke wangu anaoka mikate. Tanuru lake la matofali linakula mikate arobaini kwa mara moja. Lakini kwa desturi ya kwao mume hamkaribii mama mkwe. Hampi mkono, hali mbele yake, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani. Miaka kumi na moja ya ndoa, nilikuwa nimeona mgongo wake mara nyingi kuliko uso. Nampenda na ninamheshimu, na kama ningeulizwa ana macho ya namna gani, ningekwenda kumwuliza mke wangu.

Mke wangu alikwenda kuomba kwa niaba yangu. Jibu likaja kwamba tanuru liko, siku ya jumanne baada ya mikate ya asubuhi kutoka. Mpango ulikuwa mwepesi. Mama angelishughulikia tanuru, mke wangu angekaa katikati na kupitisha maneno, na mimi na mke wangu tungevuta pleksi juu ya umbo.

Jumanne tulianza hivyo. Nilikuwa nimeikata pleksi vipande viwili. Kipande cha kwanza kilikuwa safi. Cha pili, kwa namna yoyote niliyopima, ilibidi kichukue lile tundu la kusemea. Nikasema kuku hawezi kupita pale. Mama mkwe alikuwa amesimama upande wa pili wa tanuru, kitenge amekivuta hadi kwenye paji la uso. Alirusha unga kidogo ndani, akatazama jinsi unavyobadilika rangi.

"Mwambie mume yako iko moto sana," alimwambia binti yake. "Angoje."

"Anasema ungoje," mke wangu akaniambia, hatua mbili kutoka kwangu.

"Mwambie mama asante."

Tulijaribu kipande kidogo kwanza. Kilijaa mapovu kama andazi. Tukangoja tena. Unga wa pili ukawa wa rangi ya majani makavu, na mama akasema sasa. Tukaingiza kipande cha kwanza juu ya bati la mikate. Na wakati huo huo jirani akaja mbio uani, akamshika mke wangu mkono: dada wa huyo jirani ameanza uchungu, gari la kumpeleka hospitali liko barabarani, na hataki kwenda bila mke wangu. Mke wangu alinitazama, akamtazama mama yake, akaenda.

Tukabaki mimi, mama mkwe, na tanuru.

Pleksi ilikuwa inalainika ndani, naiona inaanza kulegea kwenye ncha. Ikitoka, kuna muda wa kuhesabu hadi kumi, baada ya hapo inagandia umbo lolote ililokuwa nalo. Mtu mmoja hawezi kuivuta. Inahitaji watu wawili, kila mmoja ncha mbili, uso kwa uso.

Mama mkwe alikohoa. Kisha akaligeukia tanuru.

"Weye furu," alisema, "ambia ule muntu alete kitambaa ya mikate, aweke juu ya muti, isikwaruze."

Nikatandika kitambaa juu ya umbo. "Furu," nikasema, "ambia mama nimeshaweka."

"Furu, ambia ule muntu ashike kule. Mi nitashika huku. Asiniangalie."

"Furu, ambia mama siangalii."

Akavuta bati nje kwa koleo lake refu. Pleksi ilikuwa inatetemeka kama ugali uliozidiwa maji. Tukaikamata kwa matambara, yeye ncha zake, mimi zangu, tukaiinua hadi juu ya umbo, na mimi nilikuwa nimefumba macho nisimwangalie, kama nilivyoahidi, kwa hiyo niliilaza upande.

"Vuta," alisema. "Vuta kwako. Apana huko, we mukwe, vuta kwako, fungua macho."

Nikafungua. Alikuwa amekunja uso wote kwa joto, kitenge kimeshuka mabegani, jasho linamtoka puani, na ana macho ya mke wangu, makubwa yaliyoachana. Tulivuta pamoja, tukakandamiza kwa viganja juu ya kitambaa, tukabaki tumeinama hivyo bila kusogea hadi ikapoa. Vichwa vyetu havikuwa mbali hata shubiri mbili. Ilipogonga kama kitu kigumu, tukaiachia. Ilikuwa imetoka nzuri, laini, haina povu hata moja.

"Leta ya pili," mama mkwe akasema. Hakumwambia tanuru.

Ya pili, ile yenye tundu, ilitoka vizuri kama ya kwanza. Nilizibeba zote mbili kwa baba mukubwa, zimefungwa kwenye shuka, natembea kama niliyebeba mtoto mchanga. Cha kwanza kilikaa kwenye shimo la kulia kama kilizaliwa pale. Cha pili nikakiweka kushoto. Hakikukaa. Nikakigeuza juu chini. Hakikukaa. Baba mukubwa alikuwa anatazama, mikono kiunoni.

"Shida nini?"

Nilikuwa nimeshaijua, lakini nilikizungusha tena ili nichelewe kusema. Fundi wa mitumbwi alichonga umbo moja, la kulia. Mimi, fundi wa miaka ishirini, nililazia vipande vyote viwili juu yake. Nilikuwa nimetengeneza macho mawili ya kulia.

"Nunua gari ingine," nikamwambia, "hii tuiweke kulia yake." Hakucheka.

Tulikuwa na siku nne. Fundi wa mitumbwi alichonga la kushoto kwa siku moja na nusu, na alinilaumu mimi, kwa haki, akisema mtumbwi nao uko na pande mbili na hajawahi kuona mtu anasahau. Pleksi nyingine hapakuwa nayo. Nilirudi kwa mama mkwe na kile kifuniko kilichoharibika, nikamweleza mwenyewe, nikiwa nimesimama mlangoni, kwamba sijui kama kitakubali kupindwa mara ya pili.

Alikiingiza kwenye tanuru. Tukainama kuangalia. Na kifuniko kile, kilipopata joto, kilianza kujifungua chenyewe. Mkunjo ulipungua, ncha zikashuka, kikajilaza hadi kikawa bapa kabisa, kama siku kilipokuwa kwenye biro.

Mama mkwe alikigusa kwa ncha ya koleo. "Imesahau yote," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ingekuwa bantu banaweza." Akachukua matambara yake. "Shika kule."

Kuvifunga kulinichukua siku nzima ya ijumaa. Pleksi ukiitoboa kwa mashine inapasuka, na kweli kona moja ilipasuka, ufa wa urefu wa kidole ambao naujua mimi tu. Vitundu vingine vyote nilitoboa kwa msumari uliopashwa kwenye makaa, polepole, kimoja baada ya kingine. Chini yake nikatandika ukanda niliokata kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Skrubu nilikaza kwa mkono, robo mzunguko kwa zamu, kuzunguka jicho zima, ili upande mmoja usibanwe kuliko mwingine. Kuku wa rangi ya udongo alikuwa amesimama karibu na gurudumu kutwa nzima. Nilipomaliza aliruka juu, akateleza kwenye kifuniko, akaanguka. Alijaribu mara tatu. Kisha akaenda akataga chini ya ngazi.

Bibi harusi akaja kukagua. Alipitisha kiganja juu ya kifuniko cha kulia, kisha cha kushoto. Akaingiza kidole kwenye tundu.

"Hii ni ya nini?"

"Ya hewa," nikasema.

Akainama, akachungulia kutafuta manyoya. Hakuna. "Basi, naingia," alisema.

Hapo ndipo nilipomwuliza baba mukubwa kama taa zenyewe zinawaka, maana katika wiki zote tatu sikuwa nimeuliza. Akaniambia hazina hata waya. Panya wa Kigoma walikula zamani.

Jumamosi gari liliwaka kwa jaribio la kwanza. Bibi harusi aliketi karibu na baba yake, shela lake limejaa mpaka kwenye vioo. Likaenda hatua nane hadi kwenye lango la ua, likapanda kizingiti cha mawe, na tumbo likakaa juu ya kizingiti kama kuku juu ya mayai. Magurudumu ya mbele nje, ya nyuma ndani, na hakuna lililogusa chini vizuri. Tulileta mbao. Mbao hazikuingia.

Kati ya wageni walikuwepo wabeba mizigo wa bandarini, watu wanaoshusha boti za baba mukubwa kila wiki, siku hiyo wakiwa na makoti na viatu vya ngozi. Walisimama kuzunguka gari, wakaliangalia kwa macho ya kazi. Mkubwa wao akavua koti, akalikunja, akampa mke wake. Wakainama kumi na wawili. Wakaliinua.

Nia yao ilikuwa kulivusha kizingiti tu. Lakini mbele ya lango kuna mfereji, kwa hiyo wakavuka nalo mfereji. Baada ya mfereji kuna mawe. Baada ya mawe barabara ina mashimo, na mkubwa wao akasema kulishusha na kuliinua kila mara kunachosha kuliko kwenda. Wakaenda. Walianza wimbo wao wa kubebea magunia, ule wa mmoja kutaja na wengine kuitikia, na wanawake wakaudaka wakauongezea vigelegele.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Baba mukubwa hakuizima. Alikuwa ameketi ndani, juu ya mabega ya watu, mikono yote miwili kwenye usukani, anatazama mbele. Tulipofika kwenye kona ya duka la dawa alikata kushoto, na magurudumu yakageuka hewani, na wabebaji nao wakakata kushoto. Mbuzi mmoja alikuwa amelala njiani. Akampigia honi.

Wakwe wa Mboko walikuwa wanangoja mlangoni mwa ukumbi. Mzee mmoja wa upande wao aliniuliza kwa heshima kama hii ndiyo desturi yetu ya kumtoa binti. Nikamwambia ni ya ukoo wetu tu. Akatikisa kichwa, akasema kwao wameacha mambo mengi mazuri. Gari lilishushwa taratibu, bibi harusi akatoka, shela halina vumbi hata kidogo, na kabla ya kumwangalia mume wake alizunguka mbele kuangalia macho. Yote mawili yalikuwa mahali pake.

Baada ya kula, wabebaji hawakuwa watu wa kubeba tena. Gari likabaki kando ya ukumbi siku nne. Siku ya pili nilikwenda kukaza skrubu, nikamkuta mama mmoja amesimama mbele yake na beseni la dagaa kichwani.

"Hii tundu naijua," aliniambia. "Nilisemea humu wiki tatu, natafuta karatasi ya mutoto. Biro imehamia hapa?"

Nikamwambia biro iko pale pale, ni pleksi tu iliyohama. Alifikiri kidogo. Kisha akasema kwa kuwa ameshafika, na huwezi kujua, afadhali ajaribu; akatua beseni, akainama kwenye taa ya kushoto, na kwa sauti ya polepole, ya maneno yaliyopangwa, akataja jina la mtoto wake, jina la baba, na siku aliyozaliwa. Akangoja kidogo. Akanishukuru mimi, akajitwika beseni, akashika njia.

Siku ya tano wabebaji walilirudisha gari nyumbani. Bibi harusi anaishi Mboko na mume wake. Mama mkwe sasa huniita mwenyewe tofali la tanuru likilegea, na tunazungumza tukiwa tumesimama upande upande, jambo ambalo mke wangu anasema halijawahi kuonekana kwao.

Wiki iliyopita baba mukubwa aliniita nibadilishe ukanda wa mpira uliokuwa umeliwa na jua. Nilipomaliza, alifungua mlango wa pili akaniambia niingie. Nikaingia. Viti viko chini sana, magoti yanakuja karibu na kidevu. Mbele yetu, kama mita moja, ulikuwa ukuta wa ua. Alishika usukani.

"Unataka twende wapi?" akaniuliza.

Nikafikiri. "Twende Fizi."

"Barabara ya Fizi iko mubaya. Iko milima."

"Basi twende Mboko. Tumuone bibi harusi."

"Mboko, ndiyo," alisema, akageuza usukani kidogo. Tulikaa hivyo, dirisha limefunguliwa, upepo wa ziwa unaingia, tunatazama ukuta. Aliniuliza habari za kazi, nikamwambia nina madirisha ya shule ya kutia kule Swima, na kweli ilikuwa saa yangu ya kuondoka. Nikashika mlango.

"Ngoja kwanza nisimame," baba mukubwa akasema, akavuta breki ya mkono, nikashuka.